Sisimizi wa Kona ya Chini

Liège, 15 Januari 1989

Shangazi Feza mpendwa,

Salaam aleikum, wewe na Baba na kila anayepita mlangoni kwenu hapo Mikelenge. Mimi mzima, ila baridi inanitafuna. Theluji kwenye kalenda ni nzuri. Ikanyage asubuhi ukienda darasani, utamtaja Mungu. Mwambie Baba lile koti alilonishonea kwa fundi wa sokoni nalivaa kila siku, ndani ya koti lingine. Mitihani nimepita yote. Mmoja nimepenya kwenye tundu la sindano, lakini nimepita.

Sasa, kifurushi. Mwaka jana nilikuomba unitumie modeli zako za kudarizi, zile unazochora kwenye karatasi ya vijumba, kijumba kimoja mshono mmoja. Ukanitumia bahasha nzima. Ulidhani nimeanza kudarizi, ukafurahi sana, nami nikakuacha ufurahi. Shangazi, sijaanza kudarizi. Nimetengeneza programu.

Programu ni maagizo ambayo mtu anaiandikia kompyuta, ile mashine ninayoisomea, nayo inayafuata neno kwa neno. Ya kwangu naiita Maua. Unaingiza modeli, unaiambia ikuze, igeuze, izungushe pembe nne za kitambaa cha meza, na inakuchorea karatasini kabla chai haijapoa. Modeli zako zote zimo: ua, jogoo, nanasi, na yule ndege mwenye mkia mrefu ambaye kila mtu hapa anauliza katoka wapi. Nilizisafisha pia. Karatasi zote zilikuwa na madoadoa kwenye kona ya chini. Mawese, nadhani. Mnakula huku mnachora!

Na jambo moja najivunia. Maua siiuzi, naigawa. Ndani ya kila diskete nimetia barua ya ruhusa: yeyote anaweza kuinakili, kufungua maagizo yake ayasome, ayabadilishe, ampe mwenzake. Masharti mawili tu. Ukimpa mwenzako, mpe na ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Na jina la aliyeitengeneza usilifute. Wenzangu wa darasa wanasema mimi mjinga, nagawa kazi ya mwaka mzima. Wacha waseme.

Nimekutumia diskete moja na karatasi zilizochapwa, muonyeshane kwenye kikundi chako cha wamama.

Mtoto wa kaka yako,
Riziki


Kindu, 4 Machi 1989

Mutoto wangu Riziki,

Pokea salaam za shangazi mwenye magoti mabovu na mudomo muzima. Baba yako Kasimu anakusalimia. Jino la mbele lilimutoka, sasa akisema "Kasuku" unasikia upepo. Muchele wa Kibombo mwaka huu ni mwingi, kuku wanakataa makombo. Mama Kanku, jirani yetu wa Kasai, ameenda. Bwana Tshibangu, mume wake, kazi ya reli ilimupeleka Kananga. Ndani ya nyumba yao sasa iko muntu asiyesalimia, anapita na kichwa juu kama anatafuta mvua. Ninamukosa Kanku. Asubuhi ninaita kwa ukuta, halafu ninakumbuka.

Kifurushi kilifika kwa mukono wa Mbaraka, yule muchuuzi. Alikilaza pamoja na samaki wa Lokandu, basi habari ya harufu tuiache.

Ulisema maua yako ndani ya diskete. Nikaigeuza, nikaitikisa, kimya. Nikachukua makasi. Riziki, ndani iko kasahani keusi, kalaini, hakuna hata jani! Baba yako alicheka mpaka pengo likaonekana. Kama ni kitu cha bei, usiniambie.

Lakini karatasi, lo! Wamama walikuja Jumamosi kutoka salongo, ile kazi ya serikali ya kufagia na kulima barabara, majembe mukononi, wakazitandika chini, wakapiga vigelegele. Jogoo alipata sifa kuliko mimi. Bernadette alitaka kuondoka nazo zote, tukamushika kwa kitenge.

Ninauliza tu: kona ya chini iko tupu. Kwa modeli zote. Masini inaogopa kona? Ninauliza tu.

Jifunike vizuri, na kula kitu chenye mafuta.

Shangazi yako,
Feza


Liège, 9 Aprili 1989

Shangazi mpendwa,

Ramadhani njema kwenu. Barua yako niliisoma ndani ya basi na nikacheka peke yangu, bibi mmoja akahama kiti. Shangazi, makasi! Maua hayaonekani kwa macho, yameandikwa humo kama sauti ilivyoandikwa kwenye kaseti ya Baba. Si kitu cha bei. Nitatuma nyingine, ukae mbali nayo. Na mpe Mama Kanku salaam zangu mkiandikiana. Kona? Niliipangusa, njo maana inang'aa.

Nina jambo kubwa, soma polepole.

Mji wa jirani iko kiwanda kinachotengeneza vitambaa vya meza. Mkurugenzi wake aliiona Maua kwa profesa wangu, akaniita. Anaitaka. Na ananitaka na mimi: kuanzia Septemba nifanye kazi kwake, kuchora. Unajua maana yake? Nitaacha kuosha masufuria ya mgahawa kila jioni. Mikono yangu imekuwa kama ya muuza samaki.

Sharti lake ni moja. Anataka Maua iwe yake peke yake. Waliokwisha kupata diskete na ruhusa yangu, hao hawawezi kunyang'anywa, amekubali hilo. Lakini kuanzia siku ya kutia sahihi, matoleo mapya ni ya kiwanda, na modeli zilizomo ni za kiwanda. Mtu mwingine yeyote, hapana. Hata mimi, hapana.

Programu ni yangu, naweza kutia sahihi. Modeli ni zako. Bila mkono wako karatasi yangu ni ya kufungia karanga. Karatasi ya pili iko ndani ya bahasha hii, weka sahihi chini kabisa. Wanataka jibu kufika mwisho wa Juni.

Shangazi, kazi hii naitaka kweli.

Riziki wako


Kindu, 20 Mei 1989

Mutoto wangu,

Idi ilikuwa nzuri, sifa kwa Mungu. Tulichinja jogoo, wa kweli, si wako. Baba yako alikula na upande mumoja wa mudomo na bado alimaliza mbele yetu. Mutoni maji yalijaa, mutumbwi wa Alunguli ulikuwa unashuka mpaka chini kwa wavuvi mbele ya kufika ng'ambo. Magoti yangu ni yale yale, aksanti kwa kuuliza, hata kama haukuuliza.

Karatasi yako imefika. Iko chini ya mukebe wa sukari, haitaruka.

Acha nikupe habari ya Bernadette. Wewe ulienda kusoma Kisangani mbele ya kikundi chetu kuanza, haumujui vizuri. Aliazima modeli ya nanasi kwangu. Bon, nikamupa. Adèle, mwenzetu wa kikundi, akaenda kwake kumuomba hiyo nanasi, naye akasema, "Hapana, nanasi iko kwangu, ni yangu." Mama yangu! Kwetu modeli uliyoazima hauwezi kumunyima mwenzako. Ulipewa mukono wazi, toa mukono wazi. Ukitaka kunyima, chora yako, ifiche chini ya godoro, hakuna atakayekuuliza. Ukiisha kuitoa tu, imetoka.

Tulimuacha na nanasi yake. Arusi ya binti yake ilipofika, hakuna aliyemudarizia hata foronya moja. Alikuja kulia hapa, kwa kiti ambacho ninakalia sasa. Tukamupa chai, tukamudarizia foronya, leo njo anayenibebea maji. Sijui kwa nini ninakuambia hii.

Ile sahihi: kalamu iko, mukono uko. Moyo njo haujafika.

Feza


Liège, 18 Juni 1989

Shangazi,

Salaam kwako na kwa Baba. Mimi mzima.

Leo nitasema bila kuzunguka. Mwisho wa Juni umefika, na wewe unanipa habari za nanasi! Nimekwenda kwa mkurugenzi na uso wa kuomba, amekubali kungoja hadi Oktoba, na amenuna. Kazi yenyewe itaanza Januari sasa, kama itaanza.

Nadhani najua kinachokusumbua. Unafikiri mtu akishagawa kitu hana tena neno juu yake, na kwamba mimi sasa nataka kurudisha kilichotoka. Si hivyo. Kutoa ruhusa si kutupa. Mimi nimeigawa Maua kwa kila mtu na bado mwenyewe ni mimi. Sheria inasema hivyo, hakimiliki haiondoki kwa sababu nimekuwa mkarimu. Njo maana sharti langu lina nguvu: kama ningekuwa si mwenyewe, ningewezaje kumwambia mtu asifute jina langu? Na njo maana naweza kumpa Fulani ruhusa hii na Fulani ruhusa nyingine, juu ya kitu kile kile. Modeli zako vilevile. Ni zako mpaka utakapoandika kwa mkono wako kwamba si zako. Huyu mtu anataka uandike hivyo. Unaweza kukataa. Lakini kataa basi, usininyamazie!

Hasira zimenishika, naacha hapa kwanza.

Jioni. Nimetoa karatasi zako zote za vijumba, nihesabu zipi hasa kiwanda kinaomba. Nimezipanga sakafuni. Shangazi, mafuta ya mawese yanadondoka popote. Haya hayakudondoka popote. Kila karatasi, kona ile ile ya chini, vijumba vitatu vyeusi vimefuatana. Kila karatasi. Na kwa yule ndege, pembeni ya vile vitatu, viko viwili vya njano.

Haya si madoa. Ni nini? Nimefuta nini?

Riziki


Kindu, 30 Julai 1989

Mutoto wangu Riziki,

Salaam, na leo salaam ya kweli, si ile ya mudomo. Baba yako muzima. Amepata jino la kuazima, linacheza, analitoa kwa kutisha wajukuu wa jirani.

Ulikawia, lakini ulifika.

Vile vitatu vyeusi ni sisimizi. Kichwa, tumbo, matako. Sisimizi njo mimi. Modeli ikitoka kwangu, ikienda kwa Adèle, ikitoka kwa Adèle ikienda mpaka Kailo kwa wamama wasionijua hata sura, sisimizi anatembea nayo. Muntu anaweza kubadilisha rangi, kuongeza majani, kumufanya jogoo awe bata kama akili zake zinamutuma hivyo. Sisimizi haguswi. Na muntu akiongeza kitu kikubwa, kitu cha kusimama chenyewe, akakirudisha kwa kikundi, tunakaa, tunamupa alama yake, anaiweka pembeni ya zile za mbele. Alama hauchagui mwenyewe. Unapewa. Na haupewi kwa sababu umezeeka.

Nilikasirika. Nisidanganye. Mutoto anaandika barua, "jina langu musilifute," halafu anashika kitambaa anatufuta sisi wote, na anatucheka ati tunakula mawese! Nililia, Riziki. Baba yako akasema nikuandikie wazi. Nikasema hapana, ni mutoto wa Kindu, ataona mwenyewe. Nilimeza. Ilikuwa inanikaba kama mufupa wa samaki.

Sasa vile viwili vya njano ni punje ya mahindi. Punje njo Mama Kanku. Ile ndege, mwili nilichora mimi, ilikuwa inafanana na kuku mugonjwa. Kanku akachukua karatasi akaenda nayo kwake, akairudisha na ule mukia. Na ule mukia njo ndege yenyewe. Hapa njo penye shida ya sahihi yako. Za sisimizi peke yake ninaweza kusema ndiyo ao hapana. Ya ndege siwezi kumusemea Kanku, na yeye yuko Kananga. Nimemupa muntu wa reli barua, kijana Hamisi, anapanda na treni ya kesho. Ikikubali kutembea.

Lakini maneno yako ya sheria nilimusomea Baba yako mara mbili. Mimi nilikuwa ninafikiri ukigawa umebaki na mikono tu. Kumbe ninabaki mwenyewe! Ninaweza kumupa huyu hivi na yule vile! Bernadette nilipomuambia alisema, "Basi hiyo sheria yao na yetu walinyonya ziwa moja." Amekuwa na akili siku hizi.

Dada ya baba yako,
Feza


Liège, 3 Septemba 1989

Shangazi wangu,

Nimesoma barua yako nikakaa kitandani na viatu. Nisamehe. Sina neno lingine la kuweka mbele ya hilo. Niliandika sharti zuri, nikalivunja mimi wa kwanza, tena ndani ya programu ile ile, na sikuona.

Sisimizi amerudi. Amekaa mahali pake kwa kila modeli, na punje iko kwa ndege. Nimeandika na majina yenu ndani ya maagizo, juu kabisa, Feza wa Kindu na Kanku wa Kananga, mbele ya langu. Nimezunguka kwa kila niliyempa diskete, na wa mbali nimewatumia mpya kwa posta. Barua ya ruhusa nayo nimeongeza mstari: alama za kona hazifutwi.

Nimekwenda pia kwa mkurugenzi kumwambia ndege ana wenyewe wawili, na mmoja yuko kwenye mji ambao treni yake inafika ikipenda. Akasema, "Mtoe basi huyo ndege, tuendelee." Nilijaribu. Nilimtoa, nikachapa kitambaa kizima bila yeye. Kilikuwa kizuri, Shangazi. Kilikuwa kama harusi ambayo bibi harusi hakufika. Tena nanasi na jogoo ni vyako bado, na wewe hujasema.

Kwa hiyo nimejiwekea hivi. Mkiwa tayari kumpa mkurugenzi peke yake, nitatia sahihi nami nishukuru. Mkisema asipewe kabisa, hapewi. Na iko njia ya katikati: tumpe ruhusa yake mbali na ile ya wote, afanye vitambaa vyake, aongeze vitu vyake bila kumuonyesha mtu, lakini Maua ibaki pia mikononi mwa wengine wote. Hiyo hataipenda. Lakini sisi watatu ndio wenyewe, na wenyewe wakikubaliana wanaweza.

Kazi bado naitaka. Nakuambia ili ujue, si ili nikusukume.

Baba aache kutisha watoto.

Riziki


Kindu, 22 Oktoba 1989

Mutoto wangu,

Tuko wazima wote, na mvua imeanza vizuri. Mama Kanku amejibu! Barua yake Hamisi aliifunga kwa leso, akaivaa tumboni Kananga mpaka hapa, hajaitoa hata kulala. Ninakunakilia mahali penye maneno yako, kwa sababu yenyewe siwezi kuiachilia, iko habari zetu ndani za wanawake:

"Feza, huyu mutoto anauliza ruhusa kutoka Ulaya? Mimi nilidhani wamesahau ule mukia ni wa nani. Muambie hivi. Ndege yangu ampe kila muntu. Hata huyo muzungu, amutie kwa nape ya meza, amutie kwa shuka, mimi sina tabu, nitafurahi. Lakini aseme 'ni yangu peke yangu'? Hapana, hapana kabisa! Hapa Kananga nimeisha kufundisha wamama wa paroasi, hawa wa kanisa yetu, nitawanyang'anya sindano? Ndege anakula kwa kila uwanja, haumujengei ukuta. Na punje yangu ikae. Akiitoa nitasikia mpaka hapa."

Umemusikia. Hajabadilika hata nukta.

Na mimi sasa ninasema langu, kwa sisimizi wote. Ni hiyo njia yako ya katikati. Apewe, lakini si peke yake. Nilifikiri sana juu ya kazi yako. Nilifikiri juu ya mikono yako ndani ya masufuria, na iliniuma, nilikulea mimi hiyo mikono. Siku mbili tatu nilitaka kutia sahihi ile karatasi yao, niseme basi, nanasi ni nanasi tu, mutoto apumuzike. Lakini nikamuona Adèle anakuja kuomba jogoo kwa ajili ya arusi ya Kailo, nikajiuliza nitamujibu nini. Nimujibu kama Bernadette?

Karatasi yao ninakurudishia bila kitu. Hii nyingine nimeandika mwenyewe, sahihi iko chini, na sisimizi iko pembeni nimemudarizia kabisa na uzi mweusi juu ya karatasi, asiseme ni doa.

Kama ukikosa kazi, nikasirikie. Nitakubali.

Feza


Liège, 10 Desemba 1989

Shangazi mpendwa na Baba mpendwa,

Salaam, na heri ya mwaka unaokuja. Hapa wamewasha taa kila mti, hata miti isiyo na majani. Nitakasirika na nani? Soma.

Nilipeleka karatasi yako. Mkurugenzi aliipindua, akagusa sisimizi kwa kidole, akauliza, "Hii kweli ni uzi?" Nikasema kweli. Halafu akasema hapana, hanunui kitu ambacho jirani yake anaweza kukipata bure, na kazi ya Januari akampa mtu mwingine. Nilirudi kwa miguu njia nzima mpaka stesheni. Nililia kidogo. Halafu nikanunua viazi vya kukaanga, na nikashangaa kwamba nimeshiba na nimetulia.

Wiki iliyopita akaniita tena. Wachoraji wake wamemtengenezea ndege wengine, na mke wake amewakataa wote. Amechukua njia ya katikati. Ruhusa yake mbali, kama tulivyoandika sisi watatu: atauza vitambaa, atabadilisha Maua kwa siri zake, lakini si peke yake, na sisimizi na punje watakuwa kwenye kona ya kila kitambaa kitakachotoka mlangoni pake. Akauliza kama vinaweza kuwa vidogo. Nikamwambia tayari ni vidogo.

Kazi haikurudi, aliyepewa amepewa. Masufuria bado ninayo mpaka Julai, nikimaliza masomo, kisha narudi nyumbani; chuo cha Kinshasa wameniandikia kuna nafasi ya kufundisha, nami nimeomba. Fungu lenu la pesa na la Mama Kanku kutoka kiwandani litapitia kwa Mbaraka. Mwambieni asililaze na samaki.

Na sasa lililonifurahisha kuliko yote. Imenifikia diskete kutoka kwa mwanafunzi wa Ureno ambaye sijawahi kumuona. Alipewa Maua na rafiki ya rafiki. Mama yake anadarizi. Ameongeza njia ya kuchora ukingo wa mawimbi kuzunguka kitambaa, na dagaa mmoja mzuri sana, akairudisha kwangu yote, maagizo wazi, na ruhusa ile ile. Nilikimbilia kuangalia kona. Sisimizi yuko. Punje iko. Dagaa ameandikiwa jina la mama yake. Hakuna aliyemlazimisha, Shangazi, alisoma ile barua ya ruhusa akafuata tu.

Nimekutumia alichochora. Muonyeshe Bernadette kwanza.

Riziki wenu


Kindu, 27 Januari 1990

Mutoto wangu Riziki,

Salaam kutoka kwa kila muntu, na leo ni wengi, kwa sababu ninaandika wamama wakiwa hapa, kila mumoja anataka kusukuma kalamu. Baba yako yuko nje, amekimbia kelele. Jino la kuazima limevunjika kwa mufupa wa mbuzi. Anasema meno ya Ulaya yatakuwa magumu zaidi, umuletee.

Dagaa wa yule mutoto wa Ureno, ukweli, amemushinda jogoo. Adèle ameisha kumuweka kwa foronya. Bernadette alitazama kona kwanza mbele ya kutazama samaki, nikajua amepona kabisa.

Umekosa kazi ile na haukunikasirikia. Nilingoja nione kama iko mwiba ndani ya barua, nikaisoma tena, hakuna. Nilishukuru Mungu, nikalala vizuri.

Sasa sikiliza. Kitambaa ambacho Mbaraka atakufikishia kwa mukono wa padri mumoja anayesafiri kuja huko ni changu. Modeli hii hakuna aliyeiona, hata hawa waliokaa hapa nimewaambia wageuke wakati ninaifunga. Haiingii ndani ya masini. Haiingii kwa diskete. Sitamuazima muntu, mpaka siku nitakayotaka mwenyewe, ao sitataka. Ni haki yangu, na wewe njo uliyenifundisha kusema hivyo. Ni ya meza yako, siku utakapokuwa na meza.

Na iko neno moja. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja tulikaa, kikundi kizima. Bernadette njo alianza, ati: "Huyu mutoto alichukua modeli kwetu, akarudisha kitu kinachozaa modeli. Kama hiyo haisimami yenyewe, basi nini inasimama?" Hakuna aliyebisha. Tumemuandikia Mama Kanku, naye amesema mulikuwa munangoja nini.

Tazama kona ya chini. Sisimizi iko. Pembeni yake iko mushono mumoja, rangi ya mawese. Tulicheka mpaka Baba yako akarudi kuuliza nani amekufa. Hilo doa njo wewe.

Usilifute.

Feza, na wamama wote